Muulize Mkaguzi: Wanaocheka huku wakisokota mkia

Karibuni tena kwenye ukurasa wa mkaguzi wa nyama mstaafu. Toleo lililopita niliomba maswali ya machinjioni, nikidhani nitaulizwa minyoo na mihuri. Zaidi ya nusu ya barua zilizokuja zinahusu mateso ya wanyama. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inabeba mengi ya zile nyingine.

SWALI: Wananiita shemeji wa ng'ombe

Shikamoo Bibi Mkaguzi. Nina miaka 24, naishi Gongo la Mboto. Mwaka huu binamu yangu alinitafutia kibarua machinjioni. Kazi yangu ni kuswaga ng'ombe kutoka zizi la kusubiria mpaka sakafu ya kuchinjia. Bibi, ninayoyaona siyawezi. Wenzangu wanasokota mkia mpaka unasikia mfupa ukialika. Yupo mmoja, ng'ombe akigoma anamchomeka kidole jichoni. Wengine wanamkata kano za miguu ya nyuma ili aanguke, halafu ndiyo kisu kinatafutwa. Na wanacheka. Mimi nimekua nikichunga kwa babu Kahama, sijawahi kuona ng'ombe akitendewa hivyo. Nikisema neno wananiita shemeji wa ng'ombe. Tunalipwa kwa kichwa, siyo kwa siku. Je, hawa watu wana roho mbaya, au ndivyo kazi ilivyo? Na mimi nifanyeje bila kufukuzwa?

*Kijana wa zizini, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na nimefurahi kwamba bado unaona. Machinjioni kuna ukatili wa aina mbili. Wa kwanza ni wa haraka, wa pili ni wa mchezo. Dawa zake hazifanani, ukizichanganya utagombana na kila mtu na hakuna ng'ombe atakayepata nafuu.

Tuanze na wa haraka, maana ndio mwingi. Kazi yenu inaanza usiku wa manane. Alfajiri mwenye bucha anataka nyama iwe imeshaning'inia, nje kuna guta na pikipiki zinasubiri, na kila kichwa kinachochelewa ni pesa inayochelewa. Upande wa pili yupo ng'ombe mwenyewe. Ametoka Shinyanga au Tabora kwa lori, zaidi ya kilometa 800 amesimama akisukumana na wenzake, akashushwa mnadani Pugu, akauzwa, akaswagwa tena. Ana kiu. Maisha yake yote amekanyaga udongo, leo mnamtaka akanyage saruji yenye maji na mafuta, chini ya balbu, katikati ya watu wanaopiga mayowe. Anasimama. Yule anayelipwa kwa kichwa haoni mnyama aliyeogopa, anaona mkate wake umesimama mlangoni. Anashika mkia.

Sasa nikuambie kwa nini anasimama, kwa sababu wenzako wengi wanaamini ni ukaidi. Macho ya ng'ombe yamekaa ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa, usawa wa mkia. Ila kupima kina ni shida kwake: kivuli cha nguzo sakafuni kwake kinaweza kuwa shimo. Dimbwi linalong'aa, mnyororo unaobembea, mtu anayekatiza mbele, giza la ghafla baada ya mwanga, vyote hivyo vinamsimamisha. Profesa mmoja wa Marekani, Temple Grandin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambaye mwenyewe ana usonji, alijijengea jina duniani kwa jambo ambalo ukilisikia utadhani ni utoto: aliinama akapita mwenyewe kwenye njia ya kuswagia, macho yakiwa usawa wa macho ya ng'ombe, akaangalia ng'ombe anaona nini. Viwanda vikubwa vya nyama vya kwao vimejenga mazizi kwa kufuata aliyoyaona.

Mimi nililiona hilo kabla sijamsikia yeye. Kituo kimoja nilichofanya kazi, kila usiku ng'ombe walikuwa wakigoma palepale, hatua chache kabla ya mlango. Wanapigwa, wanarudi nyuma, wanakanyagana, mwingine anaanguka. Alikuwapo mzee mmoja wa zizini, Mgogo, mtu wa maneno machache. Usiku mmoja alikwenda akaondoa koti la mvua la njano ambalo mlinzi alikuwa akilitundika kwenye bomba pembeni ya njia. Akalitupa ndani ya ndoo. Ng'ombe wakapita. Vijana waliokuwa na fimbo walibaki wanaangaliana, mmoja akasema mzee ana dawa.

Basi wewe uliyechunga kwa babu yako una hiyo dawa. Usisimame nyuma ya mkia, hapo hakuoni, na asichokiona anakirushia teke. Simama ubavuni, usawa wa bega, kwa umbali kidogo. Ukitembea kutoka mbele kuelekea nyuma yake, ukalipita bega, yeye anakwenda mbele. Akishaanza kwenda, legeza, mwache apumue. Usimlete mmoja peke yake. Ng'ombe aliyetengwa na wenzake anachanganyikiwa, walete wawili watatu wafuatane. Mluzi na mayowe acha, sikio la ng'ombe linashika sauti kali kuliko letu. Omba taa isogezwe iangaze ndani anakokwenda, kwa sababu atafuata mwanga kama haumchomi machoni. Omba na maji ya kuoshea yafungwe wakati wa kuswaga. Na pale panapoteleza mwaga mchanga au tandika magunia kwa sasa, mpaka uongozi ukubali kuichora saruji mistari. Ng'ombe akiteleza mara moja, amekwisha kukataa.

Hilo la kano sasa. Kumkata mnyama hai miguu ya nyuma ili aanguke halitokani na haraka wala na sakafu. Ni kosa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya mambo kama hayo. Na ukisikia kwamba kisu kinatafutwa baada ya ng'ombe kuanguka, ujue machinjio hayo hayana mpangilio. Mnyama haangushwi kabla kisu hakijawa mkononi mwa mchinjaji, kimenolewa. Hilo halihitaji bajeti ya halmashauri.

Tuje kwa huyu wa kidole jichoni. Huyo simtetei. Ng'ombe akichomwa jicho anatupa kichwa nyuma, anarudi alikotoka. Kwa hiyo kidole hakiharakishi kitu, kinachelewesha. Huyo bwana hafanyi kazi, anacheza, na wachezaji wanataka watazamaji. Wavulana wa rika moja, usiku, baridi, damu mpaka kwenye buti, kazi ambayo mtaani hawaitaji kwa sauti wanapoulizwa. Kicheko pale ndicho kitambulisho. Ukicheka, u mwenzetu. Usipocheka, shemeji wa ng'ombe. Nimewaona vijana wapole kabisa, waliokuja wakiwa wanageuza uso, baada ya muda wanacheka kuliko wote, na nilikuwa nikijua kwamba wanacheka ili wasionekane wamewahi kugeuza uso.

Wana roho mbaya? Wachache. Wengi wamekufa ganzi, na ganzi inaambukiza. Ndiyo maana sikushauri uhubiri. Ukimsema huyo mbele ya wenzake atafanya mara mbili, ili akuonyeshe. Mngoje asubuhi, mko wawili kwenye chai, mwambie tu, "Kaka, lile jicho linatuchelewesha." Mwambie ya pesa, ya huruma atakuja nayo mwenyewe au hatakuja kabisa. Halafu hakikisha ng'ombe wako wewe wanaingia haraka kuliko wa kwake. Mnalipwa kwa kichwa, na watu wataacha kucheka watakapoona shemeji wa ng'ombe anamaliza mapema.

Kwa msimamizi peleka hasara, maana hasara anaielewa. Ng'ombe aliyepigwa fimbo ana damu iliyovilia kwenye nyama, na mkaguzi akifika pale anakata anatupa. Ngozi iliyochanwa inashuka daraja. Kijana aliyevunjwa mguu na ng'ombe aliyepagawa, nani anamtibu? Suala la kano usilibebe wewe, mpe mkaguzi wa zamu, kwa faragha. Wewe ni kibarua usiye na mkataba, kukuondoa ni neno moja tu. Yeye ana muhuri, na bila muhuri ule nyama haitoki getini.

SWALI: Akipigwa sana, nyama ina shaka?

Assalaam aleikum. Mimi ni mchinjaji, nimerithi kisu kwa marehemu baba. Kuna ndugu msikitini alisema mnyama akiteswa kabla ya kuchinjwa nyama yake ina shaka hata kama bismillahi imesomwa. Wengine wanasema tunaochinja ng'ombe bila kumzimisha kwanza kwa umeme ndio wakatili. Nataka kusikia kwa mtu aliyekaa machinjioni.

*Mchinjaji, Tanga*

JIBU: Waaleikumu salaam kaka yangu. Halali na haramu wapo wenyewe wa kuzisemea, mimi si mufti. Lakini hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, wewe unaijua kunishinda: kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila kitu, mkichinja mchinje vizuri, mtu akinoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Na ipo ile ya mtu aliyemlaza mnyama ndipo akaanza kunoa kisu mbele yake, Mtume akamuuliza kama anataka kumuua mara mbili. Sasa tembelea machinjio yoyote uhesabu wanaonoa kisu mbele ya mnyama aliyelazwa. Hapo sihitaji fatwa.

Nikuambie ya upande wangu. Kisu kiwe kirefu kuliko upana wa shingo, hakina pengo, na kikate kwa mkono mmoja wa kwenda na kurudi bila kuinuliwa. Kisu kifupi kinalazimisha ncha ichimbe ndani ya kidonda, na hapo mnyama anaruka. Butu linasaga. Wengi wakiona ng'ombe anatapatapa wanalaumu shingo ngumu, mimi ningeanza kukagua kisu.

Kitu kingine ambacho wachinjaji wazuri nao hawakijui: ng'ombe si kondoo. Kondoo akikatwa mishipa ya shingo, damu ya ubongo inakauka upesi. Ng'ombe ana mishipa mingine inayopita ndani ya mifupa ya shingo, kisu hakiifikii, nayo inaendelea kupeleka damu kichwani kwa muda. Wapo wanaopoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na wapo wanaochelewa sana. Kwa hiyo mchunaji anayeanza kupasua ngozi ya mguu wakati pumzi bado inakwenda anamchuna mnyama anayehisi. Gusa mboni ya jicho kwa ncha ya kidole, taratibu. Ikipepesa, kila mtu aondoe kisu. Miguu inaweza kurusha hata akiwa amekwisha kufa, usiitazame miguu, tazama jicho na pumzi.

Na tafadhali, kule kumdunga mnyama kisogoni kwa kisu chembamba ili adondoke, acheni kabisa. Watu wanadhani anazimia. Anapooza mwili tu, fahamu anazo.

Kuhusu umeme: New Zealand wanachinja kondoo wengi kwa njia ya halali baada ya kuwapitisha umeme wa kichwani tu, wa kiasi ambacho mnyama akiachwa bila kuchinjwa anaamka. Kwa sababu anaamka, masheikh waliokubali wanasema anachinjwa akiwa hai. Wapo wasiokubali. Zungumza na masheikh wako. Mimi ninachojua ni kwamba mnyama aliyezimishwa vibaya na fundi mvivu anateseka sawasawa na aliyechinjwa vibaya na mchinjaji mvivu, na mashine haiwezi kumfundisha mtu adabu.

SWALI: Mume wangu amebadilika

Shikamoo Bibi. Mume wangu ni mchunaji. Nilipoolewa alikuwa mtu wa utani, kila mtoto wa mtaani anamkimbilia. Siku hizi anarudi asubuhi hasemi, anakunywa kabla ya kulala. Juzi mbwa wa jirani aliingia uani, akampiga teke ambalo sikulitegemea, halafu akaendelea kunawa mikono kama hakuna kilichotokea. Watoto walikuwa wanaona. Mama mkwe anasema wachinjaji wote wako hivyo, nizoee. Nizoee?

*Mama Wawili, Morogoro*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, usizoee. Na mama mkwe naye anakosea, japo najua analipata wapi. Jina baya la kazi hii lipo kila nchi. Mwaka 2009 wanasosholojia wakiongozwa na Amy Fitzgerald walichapisha utafiti uliotazama wilaya 581 za Marekani, wakaona kwamba penye ajira nyingi za machinjio watu walikamatwa zaidi kwa makosa ya ukatili kuliko penye viwanda vingine vinavyofanana navyo, vyenye jasho na hatari vilevile. Utafiti huo wengi wanapenda kuutaja ili kuwanyanyapaa wafanyakazi. Mimi nausoma kinyume: kama viwanda vingine vigumu havileti hali hiyo, basi ile kazi ya kuua mfululizo ndiyo inamla mtu, na mtu anayeliwa anahitaji msaada, siyo jina baya. Tena hauzungumzii mume wako. Nimefanya kazi na wachunaji waliolea mayatima.

Teke la mbwa mimi ninaliogopa kidogo kuliko kule kunawa mikono baadaye. Hasira ya kawaida ina alama, mtu anahema, anatukana, anaona aibu. Asipoonyesha chochote, jua lile kufa ganzi nililomweleza kijana hapo juu limemfuata mpaka nyumbani. Anahitaji usingizi wa kutosha, na kwa mtu anayefanya kazi usiku mchana wa nyumba yenye watoto si usingizi. Anahitaji kupumzishwa kwenye ile nafasi. Machinjio mazuri huzungusha watu: wiki hii kwenye kuchuna, wiki ijayo kuosha matumbo, kupima uzito, kupakia. Si lazima atoe siri za moyo kwa bosi, aombe tu kubadilishiwa kituo kwa ajili ya mgongo. Mgongo kila bosi anauelewa.

Zungumza naye siku ya mapumziko, siyo asubuhi akiwa ametoka kazini na pombe mkononi. Usianze na mbwa. Mwulize usiku wa kazi ulikuwaje, kisha nyamaza, usimjazie maneno. Nimegundua kwamba wanaume wa kazi hii hawaulizwi kamwe. Mke anauliza kama ameleta maini. Ongea pia na afisa ustawi wa jamii wa kata yako, ndiyo kazi yake.

Ila nisikie hapa vizuri. Mkono ukihama kutoka kwa mbwa kuja kwako au kwa watoto, mazungumzo yameishia hapo. Kila kituo kikubwa cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure. Usisubiri mama mkwe aridhie.

SWALI: Nina video, niirushe?

Habari yako mama. Niko Kiambu, Kenya. Nimerekodi kwa simu wafanyakazi wa kichinjio wakimburuta ng'ombe aliyevunjika mguu kwa kamba ya shingo, kutoka kwenye lori. Rafiki zangu wanasema niirushe mtandaoni. Nifanye nini?

*Msomaji, Kiambu*

JIBU: Njema mwanangu. Usiirushe kwanza. Ukiirusha, vijana wawili wanaoonekana usoni watafukuzwa kesho, mwenye lori aliyepakia ng'ombe kupita kiasi haonekani kwenye picha, na Jumatatu lori lingine litafika. Ihifadhi, andika tarehe, saa na namba ya gari. Kwenu Kenya ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kumtesa mnyama hivyo ni kosa mbele ya sheria hiyo. Peleka kwa daktari wa mifugo wa kaunti na kwa chama cha kulinda wanyama cha KSPCA, Nairobi. Wakikaa kimya, hapo ndipo mtandao utafute, ukiwa umeficha sura za vibarua na kuacha namba ya lori ionekane.

Mnyama aliyevunjika mguu haburutwi hata hatua moja. Mchinjaji ndiye anayepanda kwenye lori, mkaguzi anamfuata, na ng'ombe anachinjwa pale pale alipolala. Kuna taabu ya kuosha lori baadaye, ndiyo, na taabu hiyo ndiyo inayowafanya wachague kamba.

Kamera zenyewe si wazo baya. England wametunga kanuni mwaka 2018 kwamba kila machinjio yawe na kamera popote penye mnyama hai, na picha zitunzwe kwa siku 90 ili mkaguzi azione. Nimesikia watu wa kwetu wakicheka, kwamba hata taa hatuna. Mimi ningeanza na taa.

SWALI: Nyama nyeusi inayonata

Bibi shikamoo. Nina mgahawa wangu mdogo Dodoma. Mara nyingine nyama ya ng'ombe inakuja nyeusi, kavu, inanata kwenye vidole, na hata nikiiweka kwenye friji kesho yake inanuka. Mwenye bucha anasema ni ng'ombe mzee tu. Ni kweli?

*Mama Ntilie, Dodoma*

JIBU: Marahaba mama. Uzee unafanya nyama kuwa ngumu na rangi yake kukolea, lakini hiyo ya kunata na kuoza upesi, mwenye bucha wako anakutia changa la macho au hajui. Nimeiacha barua yako mwisho kwa sababu ndiyo ile inayotufanya sisi tusiochinja tuhusike.

Msuli wa ng'ombe aliyepumzika una akiba ya sukari. Akichinjwa, akiba hiyo inageuka kuwa asidi, na kipimo cha asidi kiitwacho pH (asidi ikizidi, chenyewe kinapungua) kinashuka kutoka karibu 7 mpaka karibu 5.5 katika saa kadhaa. Asidi hiyo kidogo ndiyo inayoipa nyama rangi nyekundu ya kung'aa, ndiyo inayozuia bakteria wasikimbilie. Ng'ombe aliyesafiri siku mbili bila maji, akapigana na ng'ombe asiowafahamu zizini, akaswagwa kwa fimbo, ameitumia ile sukari yote kabla ya kisu. Hakuna cha kugeuka asidi. pH inabaki juu ya 6, nyama inashikilia maji yake ndani, nje inaonekana kavu, nyeusi, inanata, na bakteria wanaifurahia. Ukiila ikiwa mpya haikudhuru, ila haitakaa. Ipike siku hiyohiyo na usiichanganye na nyingine kwenye friji.

Dawa yake haiko bucha, iko zizini: maji, kivuli, mapumziko ya kutosha kabla ya kuchinjwa, na mtu kama yule kijana wa Gongo la Mboto mlangoni. Ukienda kununua, acha kuuliza umri wa ng'ombe. Uliza alishushwa lini kwenye lori, na alichinjwa lini. Mwenye bucha anayefuatilia mzigo wake atakujibu bila kufikiri. Akikuambia alishuka jioni akachinjwa usiku uleule, siku hiyo pika maharage, na umwambie kwa nini.